Ijumaa watoto wanatusomea hadithi zao

Wazazi na walezi, habari za jioni.

Ijumaa hii saa 8 mchana, chini ya mwarobaini mbele ya darasa la nne, watoto watatusomea hadithi walizotunga wenyewe. Nimeyapitia madaftari pamoja na mwalimu wao wa Kiswahili na nawaambia, mtacheka. Kuna fisi aliyepanda treni ya SGR kutoka Dar kufuata nyama choma ya mnada wa Msalato, Dodoma, kufika akaambiwa leo Jumatatu, rudi Jumamosi! Mwingine kaandika kuhusu twiga aliyechorwa kwenye mwamba kule Kolo, Kondoa. Usiku hushuka kunywa maji, halafu akirudi hakumbuki alikuwa amesimama wapi. Michoro ile imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, lakini mimi sijawahi kuifikiria kuwa ina kiu.

Tafadhali, msiwasahihishie tahajia nyumbani. Najua mikono inawasha, ila hadithi zisomwe walivyoziandika.

Hakuna mshindi. Kila mtoto atapata daftari na penseli, ndivyo tulivyokubaliana kwenye kikao. Ambao hawajamalizia mchango, mweka hazina yupo humu humu.

Bibi na babu waje pia, maana watoto wakisema "Paukwa!" wanataka sauti nzito za kujibu "Pakawa!" Karanga na ubuyu vipo. Njooni na viti, na kofia kwa ajili ya jua.

Mwenye spika anicheki inbox kabla ya Alhamisi, upepo wetu mnaujua.