Barua ya wazi kwa mjomba wangu: siku Trinity alipokosa ustelingi

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Nilipokuwa mdogo ulinipeleka kwenye banda la video, ukanikalisha benchi la mbele, ukaniambia nisimwondolee macho yule Mzungu mwenye macho ya buluu, kwa kuwa yeye ndiye stelingi, na stelingi hafi. Sote tulimwita Trinity, jina la kauboi aliyemwigiza. Jina lake la kazi ni Terence Hill, ingawa alizaliwa Venice mwaka 1939 akiitwa Mario Girotti. Leo nakuandikia juu ya filamu aliyoicheza miaka mitatu kabla ya kuwa Trinity, ambamo ustelingi amepewa mtu mwingine kabisa.

Filamu hiyo ni Little Rita nel West ya mwaka 1967, iliyoongozwa na Ferdinando Baldi. Stelingi ni Rita Pavone, mwimbaji wa Torino, binti mfupi ambaye alikuwa hajatimiza miaka 23 na ambaye santuri zake zilikuwa zikigombewa na vijana wa Italia. Wakati huo Waitalia walikuwa na aina ya filamu waliyoiita musicarello, yaani kisa chepesi kilichoshonwa kuzizunguka nyimbo za mwimbaji anayetamba. Baldi aliichukua akaivisha kofia ya kauboi.

Rita anawapora majambazi dhahabu, si kwa nia ya kutajirika, bali ailipue yote kwa baruti, kwa kuwa anaamini ndiyo inayowaharibu watu. Katika safari hiyo anapambana na Ringo, mbabe mwingine wa filamu za makauboi, kisha na Django, jina lilelile la yule mbabe aliyekuwa akiburuta jeneza matopeni katika filamu ya Sergio Corbucci ya mwaka 1966. Hapo nilicheka peke yangu usiku wa manane. Wewe unajua, Mjomba, kwamba ubabe wa makauboi wale umesimama juu ya ukimya: mtu anakodoa macho, upepo unapeperusha vumbi, vidole vinakaribia bastola, na banda zima linanyamaza. Ukimleta hapo binti ambaye muda si mrefu ataanza kuimba na kucheza, ukimya umeshavunjika, na mbabe anabaki na sura yake ngumu asijue aifanyie nini.

Trinity wetu anaitwa Black Star. Rita anampenda, naye anaipenda dhahabu; wewe ungemhesabu upande wa adui. Msaidizi wa Rita ni Lucio Dalla, yuleyule aliyekuja kutunga wimbo wa Caruso mwaka 1986, na hapa anachekesha tu. Mlinda sheria wa mji ni Teddy Reno, naye mwimbaji, ambaye nje ya filamu alikuwa meneja wa Rita na mwaka 1968 akawa mume wake. Yaani mlinda sheria ndiye meneja wa mporaji, jambo ambalo nadhani halitakushangaza.

Si kwamba haina dosari. Nyimbo nyingine zinasimamisha kisa kama basi lililoishiwa mafuta, na wenyeji wa asili wa Marekani wamefanywa vikaragosi, hata chifu wao akachezwa na Gordon Mitchell, Mzungu mtunisha misuli.

Nitakuja nayo Pasaka. Ninachokuomba ni kimoja: rimoti nitaishika mimi, maana nakujua, wimbo wa kwanza tu utataka kuurusha ili tufike kwenye risasi.

Mpwa wako.