Darubini ndogo ya angani bado ina kazi

Mhariri,

Hoja kwamba darubini ya angani yenye kioo cha sentimita 30 imepitwa na wakati kwa kuwa James Webb ina mita 6.5 haina mashiko. Webb huchungulia vipande vidogo vya anga. Anayechunguza jinsi galaksi zilivyobadilika huhitaji pia kuhesabu nyingi katika eneo pana, na hapo kioo kidogo kinafaa.

WIRE, darubini ya aina hiyo ya NASA, iliyorushwa Machi 1999, ilikusudiwa kupima galaksi kwenye mawimbi ya urefu wa maikroni 12 na 25 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Nyota changa huzaliwa ndani ya vumbi. Vumbi hufyonza mwanga wao, hupata joto, kisha hutoa miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Uwiano wa vipimo hivyo viwili hukadiria jinsi galaksi inavyozaa nyota kwa kasi.

Kisumu kazi hiyo haiwezekani, hata usiku usio na wingu. Mvuke hewani huzuia sehemu kubwa ya miali, na hewa pamoja na darubini yenyewe hung'aa kwenye mawimbi yaleyale kwa sababu ya joto lake. Hata angani, kioo cha WIRE kilihitaji kupozwa hadi nyuzi 250 na zaidi chini ya sifuri. WIRE ilibeba haidrojeni iliyogandishwa, ya kutosha miezi 4 tu.

Iliuawa na sakiti. Ile ya kufyatua kifuniko cha darubini ilipowashwa, ilitoa amri kabla saa yake ya ndani haijatulia, kifuniko kikafunguka mapema. Joto likaingia, haidrojeni ikageuka gesi na kutoka kwa nguvu iliyokizungusha chombo mara 60 kwa dakika. Siku mbili hazikuisha, ikawa imekwisha yote. (Kamera ya kuelekeza chombo, yenye lenzi ya milimita 52, ilinusurika ikapima mitetemo ya nyota.)

WISE, ya sentimita 40, ilirushwa Desemba 2009 ikafaulu kupiga picha anga lote. Orodha yake, AllWISE, ina vyanzo milioni 747, na ni bure. Klabu za sayansi za Kisumu na Nakuru zichukue W1 (kipimo cha mng'ao wa chanzo kwenye maikroni 3.4), zitoe W2 (kile cha maikroni 4.6): jibu likifika 0.8, mara nyingi hiyo ni galaksi yenye shimo jeusi linalomeza gesi. W2 ikizidi 15, achaneni na chanzo hicho, kwani namba kubwa humaanisha mng'ao mdogo. Ni hafifu na rangi yake, yaani tofauti ya W1 na W2, haiaminiki. Vilivyokaribiana chini ya sekunde 6 za tao (sekunde ya tao ni digrii moja ikigawanywa kwa 3,600) huandikwa kama kimoja, kwa hivyo kagueni picha pia. Wenye intaneti ya kusuasua waombe eneo la anga la digrii moja ya mraba: ni vyanzo kama elfu 18, ambavyo kompyuta ya kawaida ya shule itavifungua.

Mwalimu wa fizikia,
Kisumu