Shukrani kwa mzee wa barazani, Lamu

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuliuliza, nawe hukulitaja.

Nilikuja na shairi la kumlilia mama, maneno yamemwagika ovyo. Ukalisoma kimya, kisha ukahesabu kwa vidole: mizani (silabi) 8 ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo; 8 utao, nusu ya pili; kina cha kati na kina cha mwisho, yaani silabi ya kufungia kila nusu, ifanane mshororo hadi mshororo. Nilidhani unanifunga mikono. Usiku ule nikahangaika na mshororo mmoja uliopungua mizani 3, nikitafuta neno linaloishia kwa "ra". Likaja "subira". Sikuwa nimelifikiria kabisa. Kina ndicho kilichonifikisha. Nikalia, mara ya kwanza tangu tumzike.

Sasa nahesabu mizani kama nivutavyo tasbihi, taratibu, na moyo unatulia. Ahsante sana, mzee wangu. Mwenyezi Mungu akulipe kheri.