Chanjo iwe sharti kwa vikosi vya matarumbeta msimu wa 2022

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lako la wiki iliyopita msomaji mmoja aliandika kwamba, kwa kuwa muziki wa gwaride hupigwa nje, kwenye hewa ya wazi, hakuna sababu ya kuwataka vijana wachanjwe dhidi ya UVIKO-19 kabla ya kupokewa katika vikosi vya matarumbeta na ngoma vya hapa Marekani, yaani makundi ya vijana wanaopiga muziki huku wakitembea uwanjani kwa mpangilio. Naomba nafasi nimjibu. Mimi ni mzazi wa binti wa miaka 19 anayepiga tarumbeta katika kikosi kimojawapo, na majira ya joto ya 2021 nilijitolea kwa wiki moja kupika katika lori la jikoni la kikosi hicho, kwa hiyo nimeyaona kwa karibu maisha ambayo mtazamaji aliyeketi jukwaani hapati kuyaona.

Nianze na tunapokubaliana. Muziki huu ulistahili kurudi, tena ulichelewa. Shirika la Drum Corps International, ambalo mashindano yake ya ubingwa yalianza mwaka 1972, lilifuta msimu mzima wa 2020, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mashindano hayo yaanze. Mwaka 2021 nao ubingwa haukushindaniwa. Vikosi vilivyoweza kujikusanya vilikutana Indianapolis tarehe 12 hadi 14 Agosti, katika uwanja wa Lucas Oil, vikapiga bila majaji kutoa alama, na vingine havikushiriki kabisa. Nilikuwepo. Matarumbeta yalipogeuka kwa pamoja kutuelekea na kuachia sauti ya kwanza, mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliinamia magoti yake akalia mpaka kipande kile kikaisha, wala hakuna aliyemuuliza kisa chake. Katika fani hii mwaka mmoja ni mali isiyorudi, kwani kijana akishatimiza miaka 22 kabla ya msimu kuanza, mlango wake umefungwa. Waliopanga kwamba 2020 ungekuwa msimu wao wa kuaga waliachwa na sare ambazo hazikuvaliwa. Ndiyo maana siwezi kumuunga mkono anayetaka tufunge tena mpaka ugonjwa uishe kabisa duniani, na sitamjibu zaidi ya hapo.

Tunapoachana na msomaji wako ni pale anapoutazama uwanja peke yake. Kuhusu uwanja anasema kweli: wapigaji wametawanyika, wanatembea muda wote, upepo unapita, na hewa wanayoitoa haikai mahali pamoja. Lakini onyesho lenyewe huchukua dakika 10 au 12 hivi, na siku ina saa 24. Msimu wa kawaida huanza na kambi ya mazoezi mwishoni mwa Mei na kumalizika katikati ya Agosti. Kikosi kikubwa kina vijana wapatao 150, mbali na walimu, madereva, washonaji wa sare na wapishi. Onyesho likiisha usiku, vyombo hupakiwa, watu hupanda mabasi, na safari ni ya usiku kucha mpaka shule ya mji mwingine iliyokubali kuwapokea. Hapo hutandika magodoro yao kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo na kulala saa chache kabla ya kurudi mazoezini.

Alfajiri ya siku yangu ya pili kazini nilitumwa kuwasha taa za ukumbi huo na kuwaamsha. Nilisimama mlangoni kabla sijabonyeza swichi. Magodoro yalikuwa yamebanana kiasi kwamba kichwa cha mmoja kilikuwa miguuni pa mwingine, madirisha yako juu sana na yote yamefungwa, na feni moja kubwa pembeni ilikuwa ikiisukuma hewa ileile kutoka ukuta huu hadi ule. Kijana mmoja alikohoa, akageuka, akaendelea kulala. Pengine lilikuwa vumbi tu. Mwaka 2019 hakuna mzazi ambaye angekitilia maanani kikohozi kile. Mimi nilisimama pale nikihesabu magodoro yaliyomzunguka.

Tunajua hewa ya ndani inaweza kufanya nini. Tarehe 10 Machi 2020 wanakwaya 61 wa Skagit Valley, katika jimbo la Washington, walifanya mazoezi ya muda wa saa mbili na nusu ndani ya ukumbi mmoja, na mmoja wao tayari alikuwa na dalili alizodhani ni mafua. Hesabu ya waliougua, wakiwemo waliothibitishwa kwa vipimo na wale waliokadiriwa kutokana na dalili, ilifika 53, na wawili walifariki dunia. Ni tukio hilo, pamoja na mengine ya aina yake, lililowafanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na cha Maryland waanze kupima chembechembe zinazotoka katika vyombo vya kupuliza. Matokeo yao yalituletea ile mifuniko ya kitambaa inayovalishwa mdomo mpana wa tarumbeta, pale sauti inapotokea, na ushauri kwamba mazoezi ya ndani yasizidi dakika 30 kabla ya chumba kupewa muda wa kubadilisha hewa. Ni kazi nzuri iliyowezesha shule nyingi kuendelea na masomo ya muziki. Lakini hakuna mfuniko wa tarumbeta unaomsaidia mtu aliyelala, na basi linalokwenda usiku kucha haliwezi kusimama kila baada ya nusu saa ili lipigwe na upepo.

Katika hali hiyo kinga ambayo kijana anaweza kwenda nayo kila mahali, uwanjani, ndani ya basi na godoroni, ni ile iliyomo mwilini mwake. Kikosi cha binti yangu kilitaka kila mshiriki awe amekamilisha chanjo kabla ya kuripoti. Kadi yake nyeupe ya chanjo anaiweka ndani ya sanduku la tarumbeta, kwenye kimfuko cha plastiki, kando ya kipande cha kupulizia, kwa maelezo kwamba asipokuwa na kimoja kati ya hivyo viwili hawezi kufanya kazi. Sikumfundisha maneno hayo.

Msomaji wako ametaja mlipuko wa Provincetown, Massachusetts, mwezi Julai, kama ushahidi kwamba chanjo haifai. Mlipuko huo haupaswi kufichwa, kwa hiyo tuusome wote. Kati ya wakazi 469 wa jimbo hilo waliohusishwa nao, takriban robo tatu walikuwa wamekamilisha chanjo, na kirusi cha aina ya Delta ndicho kilichotawala. Waliolazwa hospitali walikuwa watano, na hakuna aliyekufa. Ninachokiona hapo ni kwamba chanjo peke yake haimzuii kila mtu kuambukizwa wala kuambukiza, lakini imefanya kazi kubwa tuliyoitarajia, yaani kuwaepusha watu na wodi na kaburi. Kwa sababu hiyohiyo Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilishauri tarehe 27 Julai kwamba hata waliochanjwa wavae barakoa ndani ya majengo katika maeneo ambako maambukizi ni mengi. Basi vikosi viongeze barakoa ndani ya mabasi na vipimo vya mara kwa mara juu ya chanjo. Pungufu ya dawa moja huzibwa kwa kuongeza nyingine, na sioni mantiki ya kuitupa ile ya kwanza.

Kuna hoja ya umri pia, kwamba vijana hawa ni wazima wa afya na korona haiwatishi. Wengi wao ndivyo walivyo. Lakini ndani ya lori la jikoni nilifanya kazi bega kwa bega, kwa maana halisi, na wazee watatu waliostaafu, mmoja wao mwenye zaidi ya miaka 70, ambaye huamka saa kumi alfajiri kukaanga mayai ya watu zaidi ya 150 bila kulipwa hata senti. Njia ya katikati ya lori lile ni nyembamba kiasi kwamba mtu akitaka kupita na sufuria ni lazima mwingine ajibandike ukutani. Vijana hupanga foleni dirishani mara nne kwa siku, wakisukumana na kucheka, na kila sahani inatoka mkononi mwa mzee huyo kwenda mkononi mwa kijana, nyuso zao zikiwa zimekaribiana. Sharti la chanjo linamlinda yeye kabla ya kumlinda binti yangu. Bila wazee wa aina hii vikosi vingi havingeweza kulisha watu wala kusafiri.

Kuhusu uhuru wa mtu binafsi, naiheshimu hoja hiyo, na sitaki yeyote ashikwe kwa nguvu achomwe sindano. Hata hivyo, kujiunga na kikosi ni hiari, na anayejiunga anakubali mengi: saa ya kulala, namna ya kufunga nywele, kiasi cha maji ya kubeba, na fomu ya afya iliyosainiwa na daktari. Wazazi hulipa maelfu ya dola tukijua kwamba masharti hayo yapo. Kijana ambaye daktari amethibitisha kwamba mwili wake hauwezi kupokea chanjo atafutiwe utaratibu wake wa vipimo na mahali pa kulala, na gharama hiyo ibebwe na kikosi, isiwe yake.

Wasiwasi wa wengine ulikuwa kwamba chanjo hizi zimeruhusiwa kwa dharura tu. Jumatatu ya tarehe 23 Agosti, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliipa chanjo ya Pfizer idhini kamili kwa wenye miaka 16 na zaidi. Walio kati ya miaka 12 na 15 mwaka 2021 waliendelea kuipata kwa kibali cha dharura. Kwa hiyo hata washiriki wadogo kabisa wa vikosi hivi wanayo chanjo wanayoweza kupata.

Ombi langu kwa viongozi wa vikosi ni kwamba sharti hili liandikwe katika tangazo la kwanza la usaili wa msimu wa 2022, tangazo ambalo kwa kawaida hutoka kabla ya majira ya baridi, wala lisisubiri barua ya Mei. Kwa utaratibu wa 2021, dozi ya pili ya Pfizer ilitolewa siku 21 baada ya ya kwanza, na mtu alihesabiwa kuwa amekamilisha chanjo wiki mbili baada ya hapo. Maana yake ni kwamba kijana anayetakiwa kambini tarehe 23 Mei anapaswa awe amepata sindano ya kwanza ifikapo tarehe 18 Aprili, na kwa chanjo ya Moderna, ambayo dozi zake zilipishana kwa siku 28, ifikapo tarehe 11 Aprili. Tarehe hizo mbili zichapwe kwenye tangazo, juu kabisa, karibu na ada, ili mzazi azione siku ileile anapoamua kama atalipa.

Wako,
Mzazi wa mpiga tarumbeta,
Indiana, Marekani