Babu hataki harusi bila mbege, baba mkwe hawezi kukaa penye mbege

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Kichagga wa Marangu, Mlutheri, nimelelewa na babu na bibi kihambani, yaani kwenye boma letu la migomba. Mchumba wangu ni Mdigo wa Tanga, Mwislamu. Kila mmoja atabaki na dini yake, kwa hiyo tunafunga ndoa ya kiserikali, na tangazo la siku 21 limeshabandikwa. Wazazi wa pande zote mbili walinuna mwanzoni, lakini wameridhia.

Siku ya mahari mambo yalikwenda vizuri mno. Wazee wa Tanga walileta blanketi la babu kama walivyoagizwa, kisha wakaongeza la kwao: mkaja wa mama. Shangazi yake mchumba alisimama akaeleza kwamba huo ni wa kumshukuru mama kwa tumbo alilojifunga aliponizaa. Mama hajawahi kusikia jambo kama hilo maishani. Aliupokea, akajifunga palepale juu ya gauni lake la kanisani, na akacheza nao hadi jioni. Mbuzi wa ndafu, yule wa kuchomwa mzima, naye atachinjwa na mjomba wake mchumba ili wote wale. Hina na somo wa kunifunda sina shida navyo, hata dada zangu wameomba wapakwe.

Tumekwama kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Babu amesema mjukuu wake hatoki kihambani bila kata kupita mikononi mwa wazee. Bibi ameshaanza kuotesha ulezi wa kimea, na ndizi za kuipikia mbege zimeshachaguliwa mgombani. Naomba watu wamwelewe babu: si mlevi. Kwake yeye, wazee waliokunywa kata moja wamemaliza maneno, wamekuwa ndugu.

Baba mkwe naye hajamkataza mtu kunywa. Amesema kwa upole kabisa kwamba dini yake haimruhusu kukaa penye kileo, na kama kitakuwepo atatupokea tukifika Tanga. Upole wake ndio unaoniumiza, maana angefoka ningejua pa kuanzia.

Tumejaribu njia kadhaa. Mchumba alishauri kata ijazwe togwa isiyolevya, babu akauliza kama tunataka awadanganye wazee wenzake. Kamati inataka tugawe: send-off Marangu na mbege, sherehe Tanga bila mbege. Hilo silitaki. Babu hawezi tena safari ndefu, kwa hiyo yeye na baba mkwe hawatakaa pamoja hata siku moja, na mimi hicho ndicho ninachokitamani kuliko keki na gauni. Mama anapendekeza hema la pembeni kule migombani. Kwa ninavyowafahamu wajomba zangu, wote watahamia huko na wageni wa Tanga watabaki wakitazamana na viti.

Mchumba ananiambia, "Amua wewe, ni kwenu."

Sasa nafikiria kumwendea babu na isale. Kwetu, mtu akiombwa kwa jani hilo hakatai, hata kama kulikuwa na ugomvi wa damu. Nataka nimwombe mbege inywewe jioni, wageni wakishakula, wakishaswali alasiri na kuanza safari ya kurudi, ili mchana babu na baba mkwe wakate ndafu pamoja. Lakini isale ni ya kuombea msamaha kwa jambo zito. Nikiipeleka kwa ajili ya ratiba ya sherehe, naogopa nitakuwa nimemfunga mikono mzee aliyenilea, akubali huku moyo wake umekataa.

Shangazi, nawe msomaji uliyeolewa kabila au dini nyingine, nishaurini. Ni halali kuitumia isale kwa jambo hili? Na aende nani kwa babu: mimi mwenyewe, baba yangu, au mchumba akiongozana na mshenga? Au nimwache babu na mbege yake, nikubali kiti cha baba mkwe kibaki wazi?

Binti wa Marangu