Kwa mdogo wangu ambaye bega limetoka tena

Mdogo wangu,

Uliponipigia juzi ukaanza kwa kucheka, nilijua kabla hujasema. Kicheko kile nakifahamu, ni cha mtu anayejihami asigombezwe. “Dada, lile bega limefanya mambo yake tena.” Sikukugombeza kwa sababu ulikuwa na maumivu. Sasa umetulia, mkono unaning'inia kwenye kitambaa shingoni, na huna pa kukimbilia. Nakuandikia hadharani kwa makusudi, maana wapo wengi wenye bega kama lako ambao hawana dada wa kuwasumbua.

Langu unajua lilivyoanza. Niliruka kupiga mpira wa wavu, mkono umeinuka juu na kwenda nyuma, mtu akaugonga. Daktari alinieleza baadaye kwamba huo ndio mkao ambao bega halina ujanja: mkono umetanuka, kiganja kimegeukia mbele. Mabega karibu yote yanayoteguka hutokea upande wa mbele, na mengi hutokea katika mkao huo. Wewe golikipa, unayejirusha kufuata mipira ya juu, ndiyo ofisi yako hiyo.

Lakini si hiyo iliyonitia adabu. Ni ya tatu. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, gari limeegeshwa, nikapeleka mkono nyuma bila kugeuza mwili ili nichukue mkoba kwenye kiti cha nyuma. Basi. Nikasikia kitu kinateleza, wala si kwa kishindo, kama droo inayotoka kwenye reli yake. Nikabaki nimekishika kiwiko kwa mkono wa pili, jasho linanitoka, mkoba bado uko palepale. Na wakati huo nilikuwa na miezi miwili sisikii maumivu yoyote. Nilikuwa nimeshatangaza kwamba nimepona!

Hapo ndipo tunapodanganyika, wewe na mimi. Maumivu yakiisha tunadhani kazi imeisha. Mara zote mbili za mwanzo ulirudi golini wiki ileile bega lilipoacha kuuma. Usibishe, nilikuwepo.

Nikueleze kilichomo humo ndani. Kiungo cha bega si kama cha nyonga. Kwenye nyonga kichwa cha mfupa kimezama shimoni. Begani kichwa cha mfupa ni kikubwa, kishimo chake ni kidogo na hakina kina, mfano wa mpira uliowekwa juu ya kisahani. Wakati wowote ni robo tu ya kichwa hicho, au theluthi ukizidisha, inayogusana na kishimo. Ndiyo maana mkono unazunguka utakavyo, na ndiyo maana unachomoka. Kinachoushikilia ni ukingo laini wa gegedu uliozunguka kishimo, mfuko mgumu unaofunika kiungo, na misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega. Bega likitoka, mara nyingi ukingo ule unachanika kwa mbele, mfuko unavutika ukalegea, na kichwa cha mfupa kinaweza kubonyea kwa nyuma kinapojigonga. Maumivu yataisha baada ya wiki chache, lakini gegedu lililochanika halina habari hiyo. Nawe bado kijana: bega lililotoka kabla ya miaka 25 lina tabia ya kurudia kuliko la mtu wa miaka 50.

Kwa hiyo safari hii swali la upasuaji haliepukiki. Mara tatu si bahati mbaya tena. Muulize daktari wako wa mifupa kuhusu kipimo cha MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya kiungo, muulize ukingo umechanika kiasi gani na kama mfupa umelika. Mimi sikukatwa, wengine wanahitaji kukatwa. Na usiniletee habari za Jude Bellingham, yule mwanasoka wa Uingereza. Ndiyo, bega lake la kushoto liliteguka Novemba 2023 akiwa Real Madrid na akaendelea kucheza amelifunga kwa mkanda maalumu. Malizia hadithi basi: Julai 2025 alifanyiwa upasuaji. Tena yeye ana madaktari kando ya uwanja, wewe una mwenzio anayetaka kukuvuta mkono kwa nguvu “ulirudishe”. Hilo lisirudiwe kabisa. Panaweza kuwa na mfupa uliovunjika, na kuna neva inayopita karibu sana na hapo. Ukihisi ganzi upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega, mwambie daktari siku hiyohiyo.

Sasa unachokiogopa: kukaa. Ulisema utaoza. Nani kakwambia ukae? Miguu yako haijateguka. Tembea, tena kwa mwendo wa kasi. Endesha baiskeli ile isiyotembea, shika kwa mkono mmoja. Fanya skwati, panda ngazi, simama kwa mguu mmoja mpaka utetemeke. Kukimbia subiri kwanza. Mkono uliofungwa unakuvurugia mizani na ukianguka utaudakia palepale pabovu. Vidole, kifundo na kiwiko cha mkono unaouma vichezeshe kila siku, visije vikagandamana bure. Na mkono wa pili, ule usioumwa, uupe kazi. Nilidhani mtaalamu wa viungo ananitania aliponiambia hivyo, lakini ni kweli: ukizoeza upande mmoja, upande uliolala nao unabakiza sehemu ya nguvu zake, kwa sababu amri ya kukaza misuli inatoka kwenye ubongo, na huko pande mbili zinasikilizana.

Kitambaa kikishavuliwa na ukaruhusiwa, kuna zoezi moja nitakusimamia mwenyewe. Kunja taulo dogo, libane kati ya kiwiko na ubavu. Kiwiko kikunje nyuzi 90. Utepe wa mpira ufunge kwenye kitasa cha mlango, ushike kwa mkono mgonjwa, kisha peleka kiganja nje polepole kama unayefungua kabati. Kurudi kuwe kwa taratibu kuliko kwenda. Taulo likianguka, umeiba, anza upya. Linaonekana zoezi la wazee. Mimi niliyekuwa napiga pushapu 30 nilitetemeka nilipofika la nane, nikatafuta kisingizio cha kunywa maji. Misuli ile minne ni midogo, haionekani kwenye kioo, na ndiyo inayokivuta kichwa cha mfupa kikae katikati ya kisahani.

Pushapu zitakuja, ila utaanzia ukutani, uende mezani, ndipo ushuke sakafuni. Halafu utabonyeza mpira ukutani kwa kiganja na kuuzungusha, kwanza macho wazi, baadaye umefumba, maana bega lililotoka husahau liko wapi. Mwisho kabisa ndiyo kujirusha, kwa magoti na juu ya godoro, mipira ya chini kabla ya ile ya juu. Bila upasuaji hesabu miezi mitatu au minne. Ukifanyiwa upasuaji, mara nyingi ni minne hadi sita, pengine na zaidi.

Maumivu nilifundishwa kuyapima kutoka 0 hadi 10. Yakiishia 3 na asubuhi yakawa yametulia, endelea. Yakizidi hapo, punguza siku inayofuata, usiache kabisa. Ila kuna hisia nyingine ambayo si maumivu: bega linakuwa kama linataka kuondoka, moyo unashtuka, mkono unajirudisha wenyewe. Hiyo haina alama. Ukiisikia, simama papo hapo, hata kama kocha anakutazama. Hasa akikutazama.

Usiku weka mto chini ya kiwiko ili kisizame nyuma ya mwili, na usilale na mkono chini ya kichwa kama ulivyozoea tangu utotoni. Shati vaa kuanzia mkono mgonjwa, vua kuanzia mzima. Na ukitaka kitu kiti cha nyuma cha gari, shuka, fungua mlango, kichukue.

Jumapili nakuja. Utepe wa mpira nitabeba, taulo unalo. Nikikuta glovu ziko nje ya begi tutagombana, na safari hii sitakuonea huruma kwa sababu ya bega.

Dada yako