"i7" peke yake haitoshi kuiita laptopu ya gemu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mshonaji, nina chumba changu cha cherehani Ngamiani hapa Tanga, si mbali na soko la Mgandini. Gazeti lenu nalinunua kila siku kwa kazi mbili: kwanza nalisoma, kisha nalitandaza mezani na kukatia mfano wa gauni kabla sijagusa kitambaa cha mteja. Kwa hiyo hakuna ukurasa unaonipita, hata ule wa matangazo madogo.

Wiki mbili zilizopita mwandishi wenu wa mambo ya teknolojia aliandika kwamba mzazi asiye na milioni tatu asijisumbue kumtafutia kijana wake laptopu ya kuchezea gemu za mtandaoni. Nimemsoma, sikumkubali. Yetu imenigharimu 1,160,000 mpaka kukamilika, na kijana anacheza. Ila kabla ya kuipata hiyo nilipigwa, na nilipigwa kupitia tangazo lililotoka humuhumu kwenye kurasa zenu. Hilo ndilo lililonitoa kwenye cherehani na oda za Idi zimenijaa mpaka kwenye benchi la wateja.

Mwanangu ana miaka ishirini, yuko chuo mwaka wa kwanza. Anapenda Counter-Strike 2, lile gemu la kupigana risasi, na ule mpira wa eFootball, anacheza na wenzake waliotawanyika Dar, Mombasa na wapi sijui. Jirani yangu wa Makorora aliposikia "gemu za mtandaoni" alinivuta pembeni akanipa pole, alidhani mtoto anabeti. Nikamwambia hapa hakuna mkeka wa kuchanika, hapa kuna kelele tu usiku.

Desemba kikoba chetu kilivunjwa, mgawo ukatoka, nikaona tangazo: "Laptopu ya gemu, Core i7, RAM 8, bei ya kutupa." Nikaenda, wakati huo sijui kwamba i7 ni jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na RAM ni kumbukumbu yake ya kufanyia kazi. Muuzaji kijana mwenye adabu zake, shikamoo mama, kiti hiki hapa mama. Akaniambia, "Mama, hii ni i7, i7 ndiyo mwisho wa reli." Akaniwekea video ya taarabu, picha safi, sauti safi. Kwenye kifuniko kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa kupinda, kama mstari wa chaki ninaochora kwenye shingo ya gauni. Nikasema mkwaruzo haunihusu, simnunulii mtoto kifuniko. Nikahesabu 650,000 nikaondoka nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Nyumbani gemu lilichukua muda kufunguka mpaka nikamaliza kupika uji. Lilipofunguka, yule mtu wa kwenye kioo anakimbia, anaganda, anatokea mahali pengine ameshakufa. Mwanangu hakusema kitu. Alifunga kifuniko taratibu, akaniambia, "Haina neno mama, nitaandikia kazi za chuo." Mzazi yeyote anajua sauti ile.

Rafiki yake mmoja anayejifunza ufundi wa kompyuta ndiye aliyekuja kunisomea stika. Iliandikwa i7-4600U. Akanifundisha kama ninavyowafundisha wanagenzi wangu kusoma futi. Ile 4 ya mwanzo baada ya kistari ni kizazi cha nne, prosesa ya mwaka 2013. Ile U ya mwisho maana yake imetengenezwa kubana umeme, ya kuandikia barua ofisini na kudumu na chaji. Ndani yake kuna viini viwili tu, kama mafundi wawili kwenye kazi. Kuna i5-9300H ya mwaka 2019, herufi ya mwisho H, yaani ya kazi nzito, ina viini vinne, na inaiacha mbali hiyo i7 niliyouziwa kama "mwisho wa reli". Kwa hiyo saba si kubwa kuliko tano mpaka usome na namba zinazofuata. Hata mimi nikikuambia "waksi" bila kukuonyesha pindo, usinilipe.

Na hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba haikuwa na kadi ya picha ya kwake. Picha zote zilikuwa zinachorwa na kipande kidogo kilichomo ndani ya prosesa, tena kinakopa RAM ileile ya mashine. Juu ya hayo, Microsoft waliifungia Windows 10 huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka, kwa utaratibu wao, kizazi cha nane kwenda mbele. Yaani Desemba niliuziwa mashine ambayo mlango wa nyuma ulishafungwa na wa mbele hauiruhusu kuingia.

Kuirudisha sitaki kusimulia kirefu. Nilienda mara tatu, risiti ina maneno ya "mali ikitoka haipokelewi", mwisho nikarudishiwa laki tano. Laki na nusu imebaki kwao. Kwa bei zangu hayo ni magauni sita, mkono na overloki.

Sasa kwa mwandishi wenu. Milioni tatu ni ya mtu anayetaka mpya, kioo cha kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde na taa za rangi kwenye vibonye. Kwa kijana wa kawaida wa Tanga swali la kwanza ni moja: unacheza gemu gani? Rafiki wa mwanangu ana mashine yenye prosesa ya Ryzen 5 3500U, haina kadi ya picha ya kwake kabisa, kaipata kwa 620,000, na Valorant anacheza bila kulalamika. Siri yake ni kwamba RAM yake iko vipande viwili, sio kimoja. Kwa kuwa picha zinakopa RAM, vipande viwili ni kama barabara ya njia mbili. Angetaka gemu zito zaidi angeumia, lakini hataki.

Wetu alitaka zaidi, basi tukatafuta kadi. Majina niliyoyaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kati ya kiuno cha bibi harusi na bega la mwalimu, ni haya: GTX 1050, GTX 1650, RTX 2050, RTX 3050. Kadi iwe na kumbukumbu yake yenyewe, GB 4 ikiwezekana. RAM 8 ni ya kuanzia, ila uliza kama kuna nafasi ya kuongeza. Diski iwe SSD, ile ya kasi, tena isiwe ndogo, kwa sababu Counter-Strike 2 peke yake inataka nafasi ya GB 85. Ukinunua ya GB 256, Windows na gemu moja, mbili, nyumba imejaa.

Januari tukapata mtu anauza yake, i5-9300H na GTX 1650, anataka 1,050,000. Nikamwambia njoo nayo kwangu, utaiwasha mbele yangu, mtoto atacheza nusu saa nikitazama. Alicheka, akaja. Tukaiweka kwenye meza ya kukatia. Mwanangu akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akaingia sehemu iliyoandikwa Performance, pakatokea ukurasa unaotaja kila kilichomo: prosesa jina lake, RAM kiasi gani, na chini kabisa kadi za picha, ile ya Intel na ile GTX. Hilo mzazi yeyote anaweza kufanya dukani, halina ufundi, na muuzaji mwenye haki hakuzuii.

Akaanza kucheza. Pembeni ya kioo kulikuwa na namba ndogo inayohesabu picha kwa sekunde, ikawa inacheza 85, 90. Mimi nikaweka kiganja juu ya vibonye kama ninavyopima pasi, joto lipo lakini la kawaida. Feni inavuma kama overloki yangu. Dakika ya kumi na kitu namba ikaanguka, 50, 40, yule mtu kwenye kioo akaanza kuburuza miguu. Mwenye mali akasema ni mtandao. Mwanangu akanyoosha kidole kwenye alama ya betri: imechomekwa kwenye umeme, na betri inashuka! Tukageuza chaja tukasoma maandishi madogo. Volti 20, ampea 3.25. Zidisha mwenyewe, ni wati 65. Mashine ile imeandikwa inataka volti 20, ampea 6.75, yaani 135. Chaja haikuwa yake, ilikuwa ya laptopu nyingine ya ofisi, tundu tu limelingana. Yule bwana akaona haya, kesho yake akaja na tofali lenyewe, zito mpaka unaweza kuzuia mlango nalo. Namba ikakaa palepale 85 mpaka nusu saa ikaisha. Tusingecheza ile nusu saa ningenunua ugonjwa wa pili.

Watu wataniuliza umeme. Wati 135 kwa saa tatu haifiki nusu yuniti ya Luku. Pasi yangu ya wati 1,000 inakula hicho kwa dakika ishirini na nne, na sijaona mtu akiisema pasi.

Baadaye tukaongeza kipande cha RAM cha GB 8 kwa elfu themanini, na fundi akaifungua kuisafisha kwa elfu thelathini. Hapo ndipo nilipojifunza kosa langu mwenyewe. Kijana alikuwa anachezea chumba cha cherehani kwa sababu ndiko kuna soketi nzuri, na zile nyuzinyuzi za kitambaa zilikuwa zinavutwa na feni mpaka zikajisokota kule ndani blanketi zima, na muda ulikuwa wiki tatu tu! Fundi alilitoa kwa kibano, akapaka pesti mpya ya kupozea prosesa na kadi. Mashine hizi hupunguza mwendo zenyewe zikipata moto, na joto letu la kaskazi mnalijua. Siku hizi haiwekwi kitandani. Nimeweka rili mbili tupu za uzi chini ya pembe za nyuma, hewa inapita, na haikunigharimu kitu.

Kuna jambo ambalo hata kadi ya milioni kumi hailiponyi, nalo ni umbali. Kila anachobonyeza mwanangu kinasafiri mpaka kwenye seva, nyingi ziko Ulaya, nyingine Ghuba au Afrika Kusini, ndipo jibu lirudi. Muda huo wa kwenda na kurudi wenyewe wanauita pingi. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, sote tuliona hata meseji za WhatsApp zinavyosuasua, sembuse gemu. Kwa hiyo mtu akikuambia laptopu yake "inaondoa lagi", muulize lagi ipi. Kuganda kwa mashine kunaondoka ukinunua vizuri. Kuchelewa kwa njia hakuondoki dukani. Mwanangu anachagua seva ya karibu na anacheza usiku mtandao ukitulia, na mfungo huu imekuwa nafuu kwangu, yeye ndiye anayeniamsha daku. Bando la kuchezea si kubwa. Kubwa ni la kushusha gemu, ndiyo maana gemu lilinakiliwa kwenye diski ya nje na mwenzake wa Raskazone mwenye intaneti ya waya.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Tangazo la gari mnaandika mwaka na injini. Tangazo la kiwanja mnaandika ukubwa na kama kina hati. Basi na tangazo likisema "laptopu ya gemu", lisiingie gazetini bila namba kamili ya prosesa, jina la kadi ya picha na wati za chaja. Ni maneno sita au saba ya kuongeza, na mnalipwa kwa neno. Na yule mwandishi wenu akipita Tanga aje Ngamiani, nitamkaribisha kiti na kumwonyesha mashine ya bei isiyofika nusu ya zile milioni zake.

Nasema hivi kwa sababu Jumamosi nilikuwa nakunja gazeti lenu nikatie mkono wa kanzu ya mtoto, jicho likaangukia ukurasa wa matangazo madogo. "Laptopu ya gemu, Core i7, RAM 8, bei ya kutupa." Safari hii wameweka na picha, kifuniko kimefungwa. Ule mkwaruzo wa kupinda unaonekana vizuri kabisa.

Mshonaji wa Ngamiani,
Tanga